Mtafsiri Hanyamazi

Mama alipokuja kukaa nami Thamesmead, London, macho yake yalikuwa yamekwisha. Mwanga aliuona bado, na mtu akipita mbele ya dirisha alijua kuna kitu kimepita, ila kama ni mimi au ni pazia limepeperuka, hilo alibahatisha. Daktari wa Tanga alishamwambia kwamba presha ya macho imekula sehemu kubwa na kilichobaki kitunzwe kwa matone. Kwa hiyo alishuka kwenye ndege na matone yake, doti nne za kanga, kifurushi cha dagaa ambacho sijui kilipitaje forodhani, na hakika moja tu: kwamba mwanawe atamweleza kila kilichopo.

Nami nilimweleza. Nakaa ghorofa ya nane. Chini kuna ziwa la kuchimbwa, lina mabata, na ng'ambo yake kuna majengo mengine ya zege kama langu. Asubuhi mama alikuwa akisogeza kiti dirishani na kuuliza, "Kuna nini sasa?"

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu kikoje?"

Basi naanza: mama mmoja wa Kinaijeria anavuta mfuko wake wa magurudumu, kijana kajifunika kofia ya jaketi, bata amekataa kumpisha mtu wa baiskeli. Mama anacheka. Huyo bata alimpenda sana, akawa ananiuliza habari zake kila nikirudi kazini.

Kazi yangu ni kutengeneza lifti kwenye majengo ya kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Haihitaji maneno, na mimi mwenyewe jioni sina maneno. Nimeshinda nikitukanwa na watu waliopanda ngazi na mifuko yao ya sokoni, nikirudi nataka kula na kukaa kimya. Mama hakutaka kusikia habari hiyo. Namkuta kwenye sofa, uso kauelekeza kwenye runinga isiyomwonyesha kitu, rimoti kaikumbatia kifuani kama mtu aliyeambiwa kuna wezi.

"Haya," anasema, "tafsiri."

Mtaani kwetu Tanga filamu haikuwa ya kuangalia tu, ilikuwa ya kutafsiriwa. Mlioingia banda la video mnajua. Kuta za bati, madirisha yamezibwa magunia, mabenchi ya mbao, deki moja na runinga moja, na pembeni mtu mwenye maiki anayeeleza yote kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Huyo mtafsiri alikuwa na kazi kubwa kuliko waigizaji. Alimpa jambazi ukoo wa mtu wa mtaani kwetu, alimwonya shujaa asiingie mlango ule, aliwatania waliokaa benchi la mbele, na hakunyamaza hata mara moja. Mtafsiri akinyamaza, watu wanapiga miluzi.

Mama alikuwa akikaanga bagia nje ya banda hilo, mgongo ameupa bati. Hakuwahi kuingia ndani. Filamu zote za ujana wangu alizisikia akiwa na karai mbele yake, na akifika nyumbani anaweza kukusimulia moja mwanzo hadi mwisho na kukukosoa ukikosea. Kwa hiyo upofu, kwa upande wa filamu, haukumpunguzia kitu. Alikuwa anaziona kwa masikio tangu macho yakiwa mazima.

Mtafsiri wetu alikuwa kijana niliyesoma naye darasa moja. Kiingereza nilikijua kumzidi; nusu ya aliyoyasema aliyatunga, na aliyoyatunga ndiyo watu waliyoyafuata. Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Nilikaa ubavuni pake, mkono kwenye kitufe cha amplifaya: akitaka kusema napunguza, risasi zikianza naongeza. Maiki ilikuwa kwenye mkono wake mmoja na macho yake yalikuwa kwenye kioo, kwa hiyo aliniamuru kwa mkono wa pili. Akinigusa bega, napunguza. Akiondoa mkono, naongeza. Tulifanya kazi hiyo mwaka mzima wa kidato cha nne, kila Jumamosi na Jumapili, na tulikuwa hodari.

Siku moja mkono ukabaki begani. Nilipunguza sauti, nikasubiri auondoe, hakuuondoa. Kwenye kioo watu walikuwa wakipigana, bunduki zinatoa moshi na hazilii, na yeye mwenyewe alikuwa amenyamaza na maiki iko mdomoni. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Benchi la nyuma wakaanza kupiga kelele, "Sauti! Sauti nyie!" Tukashtuka wote wawili, nikazungusha kitufe hadi mwisho, watoto wa mbele wakaziba masikio.

Nilimpenda. Nalisema wazi hivi kwa sababu nimelizungukia miaka mingi, na kulizungukia hakukunipunguzia chochote. Tulikuwa tukirudi nyumbani pamoja tukila bagia za mama, na njiani anatafsiri watu wanaopita kama vile wako kwenye filamu: huyu ni jasusi, huyu amemkimbia mkewe, yule mwenye kuku ndiye jambazi mkuu. Umeme ukikatika bandani alinishika mkono, ukirudi anauachia. Basi. Hatukuwa na jina la kitu chenyewe, wala hatukulitafuta.

Kisha mjomba wangu aliyekuwa London akanitafutia nafasi ya kusoma ufundi. Siku ya safari yule mwenzangu alinisindikiza stendi pamoja na mama. Hakuniaga kama watu wanavyoagana. Alisimama chini ya dirisha la basi, akajifanya ana maiki, akaanza: "Kijana anaondoka. Begi lake zito. Mama yake analia, mnamwona pale. Mwenzake yeye halii, mwenzake ameingiwa na vumbi jichoni." Abiria wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi, kwa sababu alitafsiri vizuri.

Tulipigiana simu miaka ya mwanzo, nikimwahidi nitarudi likizo. Pesa haikutosha, halafu makaratasi ya ukaazi hayajakamilika, halafu kazi. Baadaye akawa hapokei. Nikapiga, nikapiga tena, nikaambiwa namba haipatikani. Nilisema moyoni amechoka, na nikamwona ana haki.

Habari ya kifo chake nilipewa nikiwa kazini, juu ya paa la lifti, ndani ya shimo la jengo moja la huku huku Thamesmead. Mama alipiga kunieleza bati la jikoni lilivyong'olewa na upepo. Alieleza bati, akaeleza fundi alivyomzungusha, kisha akasema, "Na yule mwenzio mtafsiri amefariki. Ini. Tumemzika jana." Nikasema innalillahi kama mtu yeyote angesema. Nikamuuliza fundi anataka nini. Simu ilipokatika nilikaa palepale juu ya lifti nikalia, na chini yangu mkazi mmoja anapiga mlango akiuliza itatengemaa lini.

Hayo mama hakuyajua. Ndivyo nilivyoamini.

Miezi yake London ilipokuwa inaelekea kwisha, alinivalia njuga nioe. Tulikwenda Croydon kula kwa ndugu zetu wa upande wa baba, tukapanda treni na tramu, na huko nikakuta amealikwa nesi mmoja wa Korogwe, mpole, aliyejua alichoalikiwa na aliyeonekana kukionea haya kama mimi. Watoto wa nyumba ile walimzunguka mama awape hadithi. Aliwasimulia kwa Kiswahili, wakamwelewa vizuri, wakamuuliza maswali kwa Kiingereza. Mama akacheka hadi akajifuta macho. "Ndivyo nilivyosema mimi," akasema. "Wanasikia, ila wanajibu Kizungu." Hakuna aliyemuuliza alilisema wapi, wala mimi sikumuuliza.

Tukiwa kwenye tramu kurudi, aliniambia, "Yule binti ana sauti nzuri." Nilikuwa nimeamua kwamba mama hataondoka bila kunijua. Alikuwa anazeeka, macho yamekwisha, na safari nyingine hatukuwa na hakika nayo. Akifa ananiona kama bwana harusi aliyechelewa, nitakuwa nimemzika mtu asiyenifahamu. Hilo liliniuma kuliko hofu ya atakavyosema.

Lakini kulitamka sikuweza. Mara tatu nilivuta kiti na mara tatu nikaishia kuuliza kama ametia matone.

Ndipo nikaikumbuka filamu. Nilikuwa nimeiona mwaka uliotangulia peke yangu, kwenye sinema ya katikati ya mji, nimekaa safu ya pembeni kama mtu aliyekimbia kazi. Inahusu vijana wawili wa mji mdogo wa baridi. Mmoja ni mtoto wa mwoka mikate, mwingine amehamia na wazazi wake waliokuja kutafuta kazi. Wanapeleka mikate nyumba kwa nyumba kwa baiskeli moja, mmoja anaendesha, mwingine amekaa nyuma na kapu. Wanapendana. Hawasemi sana. Mwishoni wazazi wanahama tena, na mtoto wa mwoka mikate anabaki kituo cha basi na kapu lake. Nilitoka nikiwa nimevimba macho, watu wananipita na bisi zao mkononi.

Nikajisemea: nitamtafsiria mama hii. Neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Filamu itasema, mimi nitakuwa mdomo tu.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nilimpa chai, nikachukua rimoti, nikaanza vizuri. Mji, theluji, baba mwoka mikate mwenye hasira. Mama akafurahi kwamba kuna watu wanaoamka alfajiri kukanda unga kama yeye. "Wanatia hamira?" akauliza. Nikamwambia wanatia. Kijana wa pili akaingia.

"Huyu ni nani?"

"Rafiki yake."

Hilo lilikuwa la kwanza. Halikuwa uongo, ila lilinifungulia mlango. Mtoto wa mwoka mikate aliposema kwamba hakulala akimfikiria mwenzake, nikatafsiri kwamba hakulala kwa sababu ya baridi. Alipoulizwa na dada yake kama kuna mtu anampenda, nikasema dada anamuuliza kama ameshakula. Nilijisikia nikifanya hivyo na nikawa nimejikasirikia, na bado mdomo ukawa unaendelea. Filamu ya mapenzi ikageuka filamu ya mikate.

Kisha wakafika kwenye ghala la unga. Nje mvua, wao wamekaa juu ya magunia, nguo zimelowa. Hawasemi neno. Mmoja anaweka mkono wake begani kwa mwenzake na hauondoi. Hapo hapakuwa na neno la kugeuza, ilikuwa picha tupu. Nikakaa naangalia.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Hawasemi kitu, mama."

"Mtafsiri hanyamazi. Wanafanya nini?"

"Wamekaa."

"Wamekaa wanafanya nini?"

Mama akaweka kikombe chini kwa kupapasa meza. Filamu ikaendelea, wazazi wakafungasha, baiskeli ikabaki ukutani. Sikusema neno, na yeye hakuuliza. Ilipofika kituo cha basi, aligeuza uso wake kwangu.

"Punguza sauti," akasema.

Nikabonyeza rimoti. Mkono wenyewe ulitii kabla yangu.

Akakaa wima, akasafisha koo, na kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwa miaka, yenye madaha yale yale ya bandani, mama yangu akaanza kutafsiri.

"Kijana amebaki. Mwenzake amekwenda nchi za watu. Kijana hana neno, anafanya kazi zake. Lakini kila Idi anakuja kwa mama wa mwenzake. Anakuja na sukari, anakuja na nyama. Mama macho yameanza kumsumbua, kijana anamlaza kichwa nyuma anamtilia matone. Akimaliza kutilia anauliza, hajambo? Mama anasema hajambo. Anauliza, atakuja lini? Mama anasema hajui."

Nilidhani anatunga, kama watafsiri wote. Kwenye kioo kijana wa watu alikuwa amesimama na kapu lake la mikate.

"Siku moja," mama akaendelea, na sauti ya bandani ikamponyoka, ikawa sauti yake ya kila siku, "mama akamwambia, mwenzio ameoa huko huko. Ana watoto wawili."

"Mama, hiyo haimo kwenye filamu."

"Najua. Mimi filamu siioni."

Nikazima runinga. Kupitia ukuta tulisikia jirani akiburuta kiti.

"Ulijua tangu lini?"

"Baba, mimi nilikuwa nimekaa nje ya bati. Kila kilichosemwa ndani nilikisikia. Sauti ilipokuwa inashuka bila sababu, hiyo nayo nilikuwa naisikia." Akatafuta ncha ya kanga yake. "Siku ile bunduki ziliponyamaza na yeye akanyamaza, nilisahau bagia kwenye mafuta zikaungua."

"Kwa nini ulimwambia nimeoa?"

"Nilitaka aoe. Nilitaka na wewe uoe. Nilidhani mmoja wenu akikata tamaa, wote mtapona." Akakunja ncha ya kanga. "Dini yangu naijua, na siwezi kukwambia leo kwamba nimeona vingine. Lakini yule mtoto alinitilia matone. Sijalala vizuri tangu tulipomzika."

"Alioa?"

"Hakuoa."

Nilikwenda jikoni nikawasha birika na sikutengeneza chai. Nilimchukia mama yangu. Nasema kweli, nilisimama pale nikimchukia kwa kila simu ambayo haikupokelewa, kwa kila siku niliyosema amechoka nami ilhali alikuwa amenipisha. Miaka yote nimedhani yeye ndiye aliyechoka, nikajilaumu mimi, na mkosaji amekaa kwenye sofa langu anauliza habari za bata.

Siku zilizobaki tuliishi kwa adabu. Nilimtilia matone asubuhi na jioni, nilimpikia, nilimwambia maji yako moto. Sikumtafsiria kitu. Alikaa dirishani na hakuuliza kuna nini. Hilo liliniuma, na bado sikufungua mdomo. Mara moja nilimkuta amewasha runinga kwa sauti ya chini sana, taarifa ya hali ya hewa kwa Kiingereza, anaisikiliza kwa heshima kama mahubiri ya dini nyingine.

Siku ya safari nilimpeleka uwanja wa ndege. Tulipomaliza kupima mizigo, wakamletea kiti cha magurudumu, wakatuambia tusubiri pembeni mtu wa kumsukuma atakuja. Watu walikuwa wengi, matangazo yanapishana, na mama mikono kaiweka magotini, kichwa anakigeuza huku na huku kufuata sauti. Alionekana mdogo. Nikachuchumaa mbele yake.

Kulikuwa na swali moja lililokuwa halinipi usingizi, na nikajua nisipoliuliza hapo sitaliuliza kwa simu.

"Ulipomwambia nimeoa, alisemaje?"

Mama alijua namsema nani.

"Alinyamaza," akasema. "Kisha akasema alhamdulillahi. Akaniuliza hao watoto wanasema Kiswahili? Mimi nikaona nikisema hawasemi atasikitika, nikisema wanasema hataniamini. Nikamwambia wanasikia, ila wanajibu Kizungu."

"Halafu?"

"Akacheka. Akasema basi siku wakija atawatafsiria yeye." Alinyoosha mkono akanipata shavuni, akalifuta kwa kidole gumba bila kuuliza kama limelowa. "Nilidhani ataacha kuja, baba. Hakuacha. Kila Idi akawa ananiuliza, wamefika darasa la ngapi? Nami nifanye nini, nikawa nawapandisha."

Yule mtu wa kusukuma kiti akafika, akatusalimu, akaondoa breki kwa mguu.

"Alipofariki," mama akasema, "yule mkubwa alikuwa amefika darasa la tano."